Siku salama hujulikana zikishapita: tuzungumze kwa utulivu kuhusu hesabu ya mimba na kujikinga

Muuguzi wa Zamani

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote. Nimefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha ushauri wa uzazi kwa miaka mingi, na kilichonisukuma kufungua uzi huu ni daftari moja dogo ambalo sijalisahau. Mwanamke wa miaka 24 aliliweka mezani kwangu bila kusema neno. Ndani yake alikuwa amechora jedwali kwa rula, mizunguko 6 mfululizo, kila siku ya kwanza ya hedhi ameizungushia duara jekundu, na kila siku ya 10 hadi ya 16 ameitia alama ya mkasi. Katika siku zenye mkasi hakuwahi kukutana na mwenzake hata mara moja. Hata hivyo kipimo alichokuwa nacho mkobani kilikuwa na mistari miwili, na swali lake lilikuwa moja tu: "Dada, nilikosea wapi kuhesabu?"

Hakukosea kuhesabu. Kanuni aliyofundishwa ndiyo iliyokuwa na kasoro, na kwa kuwa kanuni hiyohiyo bado inapitishwa kutoka mdomo hadi mdomo kama elimu kamili, naomba tuifungue pole pole.

Mzunguko wa hedhi una vipande viwili. Kipande cha kwanza huanza siku ya kwanza ya kuona damu na kuishia pale yai linapotoka kwenye ovari, nacho hurefuka na kufupika kwa sababu ya ugonjwa, msongo wa mawazo, mabadiliko ya uzito, na wakati mwingine bila sababu yoyote inayoonekana. Kipande cha pili, kuanzia yai linapotoka hadi hedhi inayofuata, hakibadiliki sana na kwa wanawake wengi hukaribia siku 14. Jambo hili si geni, kwani daktari Kyusaku Ogino wa Japani alilieleza katika miaka ya 1920, na Hermann Knaus wa Austria akafikia matokeo yanayofanana katika muongo huohuo. Maana yake ni kwamba siku ya yai huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka hedhi ijayo, na hedhi ijayo hakuna anayeijua tarehe yake mpaka ifike. Ndiyo maana nasema kwamba siku salama hujulikana zikishapita.

Turudi kwenye daftari. Mizunguko ya yule dada ilikuwa ya siku 28, 27, 31, 26, 34 na 29, na yeye mwenyewe aliniambia kwamba ana mzunguko wa kawaida, jambo ambalo ni kweli, kwa sababu mzunguko wowote wa siku 21 hadi 35 kwa mtu mzima huhesabiwa kuwa wa kawaida. Lakini katika mzunguko wa siku 34 yai hutoka karibu na siku ya 20. Mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya njia ya uzazi hadi siku 5, ilhali yai lenyewe halizidi saa 24, kwa hiyo siku zinazoweza kuleta mimba katika mzunguko kama huo ni kuanzia ya 15 hadi ya 20. Siku ya 17, ambayo kwenye jedwali lake ilikuwa nyeupe kabisa, ilikuwa katikati ya moto. Watu wengi hawajui kwamba wenzi wakikutana Jumatatu, mimba inaweza kutungwa Ijumaa, wakati kila mmoja yuko kwenye shughuli zake mbali na mwenzake.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mtoto, na wakakuta kwamba mimba zilitungwa katika dirisha la siku 6 tu, yaani siku 5 za kabla ya yai kutoka pamoja na siku yenyewe. Uwezekano ulianzia karibu asilimia 10 kwa tendo la siku ya mwanzo ya dirisha hilo na kufika asilimia 33 siku yai linapotoka. Mwaka 2000 watafiti haohao walionyesha jambo linalomhusu moja kwa moja dada yetu wa daftari: ni takriban asilimia 30 tu ya wanawake ambao dirisha lao lote huangukia kati ya siku ya 10 na ya 17. Wanawake waliobaki wana siku ya hatari, moja au zaidi, nje ya mkasi.

Kuna hesabu nyingine ambayo imevunja nyumba za watu, nami naomba msiipite haraka. Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani takriban wiki 2 kabla mimba yenyewe haijatungwa, kwa sababu hedhi ndiyo tarehe ambayo mwanamke anaweza kuikumbuka. Kwa hiyo anapoambiwa kwamba mimba ina wiki 8, mtoto ametungwa wiki kama 6 zilizopita. Nimeshuhudia mwanamume amesimama na karatasi ya kipimo cha mawimbi ya sauti mkononi, anahesabu kwa vidole mbele ya mke wake, kwa kuwa alikuwa safarini na alirejea wiki 6 tu zilizopita. Mke alikuwa amenyamaza, ameshika ncha ya khanga yake, na machozi yanamtiririka. Ilitosha dakika tano na kalenda ya ukutani. Mume alikaa chini, akainamisha kichwa, akaomba msamaha hapohapo. Ninawaza ni wangapi ambao hawakupata mtu wa kuwaonyesha hiyo kalenda.

Sasa niseme kwa kifupi juu ya kinga, kisha nitajibu maswali. Katika kila wenzi 100 wanaokutana mwaka mzima bila kinga yoyote, takriban 85 hupata mimba. Kwa jinsi watu wanavyozitumia njia katika maisha ya kila siku, pamoja na kusahau na kuteleza kwao, kumwaga nje huacha mimba kama 20 kwa mwaka, kondomu ya kiume kama 13, vidonge vya kila siku kama 7, sindano kama 4, na kijiti au kitanzi chini ya 1. Tofauti hiyo haitokani na uzuri wa dawa peke yake. Kijiti na kitanzi vinashinda kwa sababu havimtegemei mtu kukumbuka kitu usiku akiwa amechoka. Lakini katika zote hizo, ni kondomu pekee, ya kiume au ya kike, inayokinga mimba na magonjwa ya zinaa kwa pamoja.

Mwanahesabu

Kwa heshima zote, mkuu, mimi sikubaliani nawe kikamilifu. Mimi na mke wangu tumetumia kalenda kwa miaka 4 bila mimba tusiyoitarajia, na imani yetu pia inatuelekeza huko. Kuiita kasoro ni kuwakatisha tamaa watu wanaoifuata kwa nidhamu.

Muuguzi wa Zamani

Ndugu Mwanahesabu, nashukuru kwa kusema wazi, na sina nia ya kuwakatisha tamaa. Nilichokiita kasoro ni mkasi wa siku ya 10 hadi ya 16 kwa kila mwanamke na kila mwezi. Kalenda iliyofuatwa ipasavyo ni kitu kingine. Kanuni yake inamtaka mwanamke aandike mizunguko yake kwa miezi isiyopungua 6, kisha achukue mfupi kuliko yote atoe 18, na mrefu kuliko yote atoe 11. Tukilitumia daftari lile, 26 kutoa 18 ni 8, na 34 kutoa 11 ni 23, hivyo wenzi wale walipaswa kujizuia au kutumia kondomu kuanzia siku ya 8 hadi ya 23, yaani siku 16 nzima. Kama ninyi mnaweza kuishika nidhamu hiyo, na mizunguko ya mkeo haipishani sana, miaka 4 yenu hainishangazi hata kidogo.

Wanaoifuata kwa umakini zaidi huongeza dalili za mwili. Ute wa ukeni siku zinapokaribia huwa mwepesi, wa kuteleza na wa kuvutika kama ute wa yai bichi, na dalili hii ina thamani kubwa kwa sababu hujitokeza kabla yai halijatoka. Joto la mwili linalopimwa alfajiri kabla ya kuinuka kitandani hupanda kidogo pia, lakini hupanda yai likishatoka, kwa hiyo linathibitisha tu kwamba hatari imepita.

Nakuomba tu usimpe ushauri huo mwanamke aliyejifungua hivi karibuni, aliyeacha sindano miezi michache iliyopita, au anayekaribia kukoma hedhi, kwa kuwa mizunguko yao huyumba na kalenda ya jana haiwezi kuwaambia lolote kuhusu kesho.

Baba Wawili

Nashukuru kwa somo hili, dada muuguzi. Mimi nimezoea kumwaga nje, na wakati mwingine tunaanza bila kondomu kisha naivaa mwishoni. Je, hii haitoshi? Nauliza pia kwa sababu kondomu zimewahi kunipasukia mara mbili, nikazichukia.

Muuguzi wa Zamani

Kaka Baba Wawili, nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako ni la watu wengi wasiothubutu kuliuliza. Kumwaga nje kunashindwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchelewa kutoka, na hilo kila mwanamume analijua moyoni. Ya pili ni majimaji yanayotangulia, ambayo kwa baadhi ya wanaume huwa na mbegu hai, na hakuna mwanamume anayeweza kuyahisi yanapotoka wala kuyazuia. Hata wale wanaofanya bila kosa lolote hupata mimba kama 4 katika wenzi 100 kwa mwaka. Kuvaa kondomu mwishoni kunabeba hatari hiyohiyo, na kwa upande wa magonjwa hakusaidii sana, kwa sababu ngozi na majimaji yameshakutana.

Kuhusu kupasuka, hebu tazama kwanza mahali unapozihifadhi. Aliwahi kuja kwangu mwanamume akiwa na kondomu aliyoitoa kwenye pochi ya mfuko wa nyuma, pakiti imefifia maandishi, na ngozi ya pochi imejichora pete ya kondomu kwa jinsi ilivyokandamizwa kwa miezi. Joto la mwili na kukaliwa huichosha mpira. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha bonyeza pakiti kwa vidole: ukihisi kimto cha hewa, haijatoboka. Ichane kwa vidole, wala usitumie meno au mkasi. Bana chuchu ya kondomu ili hewa isibaki ndani, halafu ikunjue mpaka kwenye shina la uume uliosimama. Ukigundua kwamba umeiweka kinyume na haikunjuki, usiigeuze, itupe, kwani upande uliogusa uume sasa ungeingia kwa mwenzako. Baada ya kumwaga, toka uume ukiwa bado umesimama huku ukishikilia pete ya kondomu shinani.

Sababu nyingine, ambayo nahisi huenda ndiyo yako, ni mafuta. Mafuta ya kujipaka, ya mgando, ya watoto au ya nazi huidhoofisha kondomu ya mpira ndani ya dakika chache tu. Tumia kilainishi cha maji au cha silikoni, na usivae kondomu mbili kwa pamoja kwa kudhani zinaongeza kinga, kwa sababu zinasuguana.

Nimalizie na jambo ambalo hukuuliza. Mwenzako akikubali tendo kwa sharti la kondomu, kuivua kimya kimya katikati ni kuliondoa lile kubaliano lake, na wanawake waliofanyiwa hivyo wamenilia wakiwa na maumivu yaliyozidi hofu ya mimba.

Nuru ya Jioni

Samahani kwa kukatisha mazungumzo. Jana usiku, takriban saa 4, kondomu ilitupasukia, nami niko siku ya 12 ya mzunguko. Nimejisafisha kwa maji na sabuni mara moja na kukojoa. Mwenzangu ni mpya kwangu na hajui hali yake ya VVU. Sijalala, naomba mwongozo.

Muuguzi wa Zamani

Dada Nuru, pole sana, na umefanya vizuri kuandika mapema. Kujisafisha na kukojoa hakuzuii mimba, kwa sababu mbegu huingia kwenye mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, na kuosha ndani ya uke kunaweza hata kukuchubua, hivyo usirudie. Bado una muda, lakini tafadhali nenda kituo cha afya leo hii.

Kwa upande wa mimba, kuna vidonge vya dharura vya levonojestreli, ambavyo hufanya kazi vizuri zaidi kadiri unavyowahi ndani ya saa 72, na kuna kidonge cha ulipristali, ambacho hutumika hadi saa 120. Vyote huchelewesha yai kutoka. Haviondoi mimba iliyokwisha kujishikiza, na yai likiwa limeshatoka havina cha kuchelewesha, ndiyo maana havifanikiwi kila mara. Njia ya dharura iliyo bora kuliko zote ni kitanzi cha shaba, kikiwekwa ndani ya siku 5, kwani huzuia zaidi ya asilimia 99 ya mimba. Mweleze mhudumu kama unatumia dawa za kifua kikuu, za kifafa, au dawa za VVU zenye efavirenzi, kwa sababu baadhi hupunguza nguvu za vidonge. Ukitapika ndani ya saa 2 au 3 baada ya kumeza, rudi upewe dozi nyingine.

Kwa upande wa VVU, omba dawa za kinga baada ya tukio. Ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, na zikianzwa mapema zaidi ni bora, kisha humezwa kila siku kwa siku 28. Kama mwenzako yuko tayari, nendeni wote wawili mkapime, jibu lake litamsaidia mhudumu kuamua. Wakati huohuo uliza kuhusu kaswende, kisonono na klamidia, maana klamidia hasa hukaa kimya bila dalili huku ikiharibu mirija ya uzazi, na uliza kuhusu chanjo ya homa ya ini B kama hukuwahi kuipata.

Jambo la mwisho kwa leo: ukipewa vidonge, usidhani vinakulinda kwa mzunguko wote. Yai lililocheleweshwa bado litatoka, pengine wiki ijayo, na tendo la siku hiyo bila kinga linaweza kuleta mimba ileile uliyoikimbia. Damu kidogo baada ya vidonge nayo si uthibitisho wa lolote. Pima mimba siku ya 21 baada ya tukio la jana, hapo jibu litaaminika.

Msomaji wa Kimya

Dada yangu, mimi ninanyonyesha mtoto wa miezi 4 na hedhi haijarudi. Niliambiwa kwamba siwezi kushika mimba. Kwa sasa anapewa maziwa ya kopo usiku ili nilale.

Muuguzi wa Zamani

Mama, kunyonyesha hukinga kwa asilimia 98 pale masharti matatu yanapotimia kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa yako tu, mchana na usiku. Maziwa ya kopo ya usiku yamelivunja sharti la tatu. Kumbuka pia kwamba yai la kwanza hutoka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo unaweza kushika mimba bila kuona damu. Kijiti, kitanzi na vidonge vya homoni moja havipunguzi maziwa, chagua mojawapo wiki hii, na mtumie kondomu mpaka utakapokipata.

Nuru ya Jioni

Nimerudi kushukuru. Niliwekewa kitanzi cha shaba siku ileile na nimeanza dawa za siku 28. Mwenzangu alikubali kupima, jibu lake la leo ni hasi. Anauliza kama sasa tunaweza kuachana na kondomu.

Muuguzi wa Zamani

Nimefurahi sana, dada Nuru. Dawa ulizopewa usiziache wala usizimalize kwa kukadiria, mhudumu ndiye atakayeamua kulingana na majibu ya mwenzako. Jibu lake la leo linaeleza hali ya wiki nyingi zilizopita, kwa sababu maambukizi mapya ya VVU huweza kutoonekana kwenye kipimo cha haraka hadi miezi 3. Mwambie kwamba kitanzi kitakulinda na mimba kwa miaka 10 au zaidi ukipenda, lakini hakizuii ugonjwa wowote, kwa hiyo kondomu ibaki mpaka nyote wawili mrudie vipimo. Hedhi mbili tatu za mwanzo zinaweza kuwa nzito na zenye maumivu kuliko ulivyozoea. Ukipata homa, maumivu makali ya tumbo la chini au uchafu wenye harufu ndani ya wiki 3 hizi, rudi kituoni siku hiyohiyo. Na kipimo cha siku ya 21 ukifanye hata ukiwa na kitanzi.